Rehani ya Mama

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa, dereva anapiga honi, na mama yangu amekaa kitandani na sharti lake: haendi popote mpaka nifungue kichwa cha cherehani yangu kutoka kwenye ubao wake, tukibebe.

"Fungula ile mashini," aliniambia. "Bila ile, mi siende."

"Mama, ya nini kule? Tunaenda opitali, hatuende soko."

"Batatuachilia na nini? Na ile macho yako mbili?"

Nilitaka kulia kwa hasira. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka gotini na vidole viwili vimegeuka vyeusi. Mama ana ugonjwa wa sukari, na nyayo zake zimekufa ganzi siku nyingi. Alikanyaga msumari sokoni hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, akauchomoa kama mtu anayetoa mwiba kwenye kandambili, akaendelea kuuza mihogo yake. Kidonda alikificha ndani ya soksi nene na kudai kwamba ni baridi ya kambini. Harufu ndiyo iliyomtoa mafichoni. Mganga wa kituo chetu cha afya, kijana wa Kimalawi mwenye subira kuliko mimi, aliivua ile soksi, kisha akaniambia kwa Kichewa kwamba mama aende Lilongwe siku hiyohiyo. Leo wanaweza kukata vidole. Tukisubiri watakata juu ya goti. Tukizidi kusubiri, alisema, hapatakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo nilichukua bisibisi. Cherehani yangu ni ya mkono, chuma cheusi, kizito kama mtoto anayekataa kutembea. Nilikifungua kile kichwa, nikakivingirisha ndani ya kitenge, na ndivyo tulivyoingia kwenye gari la wagonjwa: mama amelala, mimi pembeni, na cherehani mapajani mwangu kama jamaa wa tatu. Dereva aliitazama, akatikisa kichwa.

Sharti lile lilikuwa na asili yake Bukavu, kwetu Kongo, kwenye hospitali nilikozaliwa mimi. Mama alipasuliwa ili nitoke, na kule kisu kilikuwa na bei yake. Baba hakuwa nayo. Walioshindwa kulipa walihamishiwa chumba cha nyuma, wanawake na vichanga vyao, na mlango haukufungwa hata siku moja. Haikuwa lazima. Getini alikaa mlinzi, na kila anayetoka alitakiwa kumwonyesha kikaratasi cha kutokea, na kikaratasi kilitolewa na mtu wa kaunta peke yake. Mama aliniambia kwamba nilijifunza kukaa kwenye sakafu ya chumba kile, kisha nikajifunza kutambaa, na wauguzi wakawa wananibeba kwa zamu kwa sababu nilikuwa mtoto wa wodi. Waliotoka mapema ni wale waliokuwa na kitu cha kuacha: redio, baiskeli, mabati ya nyumba. Kitu hicho walikiita gage, yaani rehani. Mama alikuwa na kitenge kimoja na mimi. Mwishowe baba aliuza kiwanja alichokuwa ameachiwa na baba yake, tukatoka, na tangu hapo hatukuwa tena na mahali pa kujenga.

Watoto wengine hulelewa na hadithi za sungura. Mimi nililelewa na hiyo. Kila nilipomkorofisha mama alinielekezea kidole: "We njo ulikuwa gage yangu!", yaani mimi ndiye niliyekuwa rehani yake. Nikacheka, nikakimbia. Nilipokuwa mkubwa niliona kwamba yeye alikuwa hacheki. Kwake hospitali ni nyumba ambayo kuingia ni rahisi. Shida yake ni mlango wa kutokea. Kituo cha afya cha kambini hakikumsumbua, kwa kuwa ni kidogo, hutibu wakimbizi na wanakijiji wa jirani foleni moja, na jioni kila mtu yuko kwake. Lakini jumba kubwa la ghorofa mjini, lenye geti na mlinzi, hapana. Afadhali mguu uoze.

Na mimi nilikuwa na geti langu. Kabla ya hapo niliishi miaka mizuri Chinsapo, Lilongwe, nimepanga chumba na kibaraza, nashona sare za shule na magauni ya kwaya. Wateja wangu walikuwa Wamalawi, Wakongomani, Wanyarwanda wa duka la kona, yeyote mwenye kitambaa. Kisha ikaja amri kwamba mkimbizi mahali pake ni kambini. Nilifungasha kwa haraka, sikuweza kubeba meza, nikabeba kile kichwa cha cherehani tu. Tukarudishwa Dzaleka, mahali ambapo kabla ya kuwa kambi palikuwa gereza, na wazee wa vijiji vya jirani hawachoki kutukumbusha. Kambini kila nyumba ya tatu ina fundi cherehani, na wa kushonewa hawaongezeki. Ukitaka kutoka unaomba ruhusa, unaeleza unakwenda wapi, kwa nini, na lini utarudi. Sikuwa na kwa nini. Kutaka kuishi hakuandikwi kwenye ombi la ruhusa.

Sasa nilikuwa na sababu. Ilikuwa imelala mbele yangu kwenye gari la wagonjwa, ikinong'ona rozari.

Wodini tulipokelewa na sisteri mnene, mwepesi wa miguu, ambaye sauti yake ilifika kitandani kabla yake. Mama hana Kichewa zaidi ya salamu na zikomo, yaani asante, kwa hiyo maneno yote yalipitia kinywani mwangu. Kabla hajakubali kuchomwa sindano ya kutoa damu, mama aliniamuru niweke cherehani juu ya meza ya sisteri.

"Mwambie njo gage yetu. Ni ya kweli, ya Wachina hapana. Abaki nayo, lakini we asikuguse."

Nilitafsiri huku nikitazama sakafu. Sisteri alikifunua kile kitenge.

"Mnauza?"

"Hapana, sisteri."

"Imeharibika?"

"Hapana. Mama anasema muishike mpaka tutakapolipa, ili msinishike mimi."

Alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikilize. Kisha akamtazama mama usoni, na kicheko kikamwisha. Aliuliza ni wapi mtu alimfanyia hivyo. Nilimwambia. Akaifunga cherehani kwenye kitenge chake, taratibu, akanirudishia.

"Mwambie mama hii ni hospitali ya serikali. Hapa mgonjwa halipi. Mkimbizi, Mmalawi, halipi."

Nilimwambia mama. Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa na mfanyabiashara kwamba bei tutaongea baadaye.

"Bote banasemaka vile mu mwanzo," alisema, akanyoosha mkono kwa sindano.

Walimkata vidole viwili siku iliyofuata. Daktari alisema goti limeponea chupuchupu. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwenye korido, nikalia mbele za watu bila haya. Mama alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa kama faktiri imeshaletwa, maana ndivyo tunavyoita hati ya malipo.

Katika hospitali za huku mgonjwa halazwi peke yake. Ni lazima awe na mtu wake wa kumpikia nsima, ugali wa huku, kumfulia, kumwogesha, kukimbia dawa. Wanamwita gadiani, na magadiani wana banda lao ndani ya uwanja wa hospitali, lenye meko, bomba la maji na sakafu ya saruji ya kulala. Kwetu pia desturi hiyo ipo, ila banda halipo, unalala chini ya kitanda cha mgonjwa wako. Mama aliposikia kwamba nitalala nje, upande wa pili wa uzio, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Unaona? Banakushika kule, mi banishike huku."

"Mama, ni pa kulala tu. Niko na toka wakati nataka."

"Na ulijaribu kutoka?"

Sikuwa nimejaribu. Nilikwenda, nikapita getini, mlinzi akiwa anakula muhindi wa kuchoma. Hakuniuliza kitu. Nilisimama barabarani kidogo kama mpumbavu, nikarudi ndani, bado hakuniuliza kitu. Nilipomwelezea mama alisema labda alikuwa mlinzi mgeni.

Bandani nilipata jirani, bibi mmoja kutoka upande wa Mchinji aliyekuwa akimuuguza mumewe. Nilimwita gogo, kama wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mbea, mkarimu na mkali wa moto: ole wako ukihamisha sufuria yake. Alitaka kujua kila kitu kuhusu cherehani, na nilipomsimulia habari ya rehani aliacha kukoroga.

"Sisi hospitali ya serikali hatulipi mlangoni," alisema. "Mama yangu alinisimulia kwamba wakati wa wakoloni wazungu walikuwa na yao, na sisi tulikuwa na yetu, kibanda tu. Kwa wamisheni ulikwenda na kitu mkononi. Ulipokuja uhuru tukaambiwa za serikali ni zetu sote. Ndiyo maana unaona foleni."

"Lakini anayelipa nani, gogo? Dawa hainyeshi kama mvua."

Alinyanyua kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mimi. Nikinunua hii, serikali imeshakata chake. Sukari, imekata. Vocha ya simu, imekata. Wafadhili wanaongeza, wakikasirika wanapunguza. Wewe sabuni unanunua?"

"Nanunua."

"Basi na wewe umelipa. Mwambie mama yako. Alilipa kabla hajaugua."

Nilibaki na mwiko wangu hewani. Tangu nivuke mpaka wa nchi hii nimeambiwa mengi: kwamba ninakula, kwamba ninapewa, kwamba ninasababisha foleni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimechangia. Nilifurahi kwa namna iliyoniaibisha, furaha ya mtoto aliyesifiwa daftari lake, na kwa sababu hiyo nikamshonea gogo upindo wa chitenje, kitenge chake, bila malipo. Tena nilimpelekea mama ile habari ya sabuni. Aliisikiliza vizuri. Akasema hajawahi kuona sabuni ikimtoa mtu hospitalini.

Sitaki kuipamba hospitali ile. Bure ilikuwa bure kweli, lakini mara nyingi bure ilikuwa imekwisha. Pamba hakuna. Glavu hakuna. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda, waliozidi walilala kwenye mikeka chini, kati ya kitanda na kitanda, na daktari akawa anaruka miguu ya watu. Sisteri aliponiambia shashi ya kufungia vidonda imekwisha alisema kwa sauti ya chini, kama mwenyeji aliyeishiwa chumvi wageni wakiwa mezani. Gadiani mwenye uwezo alitumwa duka la dawa mjini. Nikatumwa.

Ndipo mambo yalipoanza kuniharibikia.

Kwa maana nilikuwa natembea Lilongwe. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya rufaa ya mama, na askari yeyote angenisimamisha ningemwonyesha, lakini hakuna aliyenisimamisha. Lilikuwapo duka la dawa karibu na hospitali, nikalipita. Nikaenda mpaka City Centre, nikatazama vioo vya benki, nikawatazama watu wa mashirika wakinunua kahawa. Nilipita chini ya Capital Hill, kwenye zile ofisi za serikali ambako nadhani amri yetu iliandikwa, nikiwa na glavu na shashi ndani ya mfuko wa plastiki, na sikuinamisha uso. Safari ya pili nilikwenda Chinsapo. Chumba changu kina msusi wa nywele sasa. Mama mmoja aliyekuwa mteja wangu alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Telala! Fundi wangu! Ulipotelea wapi?", akanipa sare za watoto wake nizipunguze.

Nilizishonea bandani, nimekaa chini, cherehani juu ya ubao wa kukatia mboga wa gogo. Kesho yake wakaja magadiani wengine na zipu zao. Kisha sisteri mwenyewe alikuja, akasimama, akatazama, akaondoka, akarudi na rundo la mashuka yaliyopasuka katikati. Nilikata kila shuka pale lilipochakaa, nikaunganisha kingo zake ambazo bado zilikuwa nzima, mshono ukapita katikati. Mama aliyaona mashuka yangu yakitandikwa wodini. Aliupapasa mshono kwa kidole, akaujua.

"Aah," alisema. "Balikubali gage."

Nilifungua mdomo nimrekebishe. Lakini siku ile alikula nsima yote, akaomba maharage zaidi, akalala bila kushika nguo zake chini ya mto, kama alivyofanya tangu tulipoingia. Sikumrekebisha.

Kidonda kikaanza kupona. Kila asubuhi sisteri alifungua bendeji na kusema "bwino", vizuri, na uso wa mama ukang'aa, na mimi nikageukia dirisha. Nitasema wazi jinsi nilivyojisikia. Nilimpenda mama yangu, nilikuwa nimelia sakafuni kwa ajili ya mguu wake, na kila nyama nyekundu mpya iliyoota pale palipokuwa na vidole niliiona kama inanisukuma kurudi Dzaleka. Nilijikuta namwuliza daktari kama si vizuri kungoja kidogo. Nilimwuliza kwa upole, kama binti mwenye kujali. Mle ndani, mama pekee ndiye aliyekuwa na haki ya kuondoka akiwa na furaha.

Sikumwambia. Lakini mama alinilea kwenye kile chumba cha nyuma cha Bukavu, na uso wa mtu anayehesabu milango anaujua. Jioni moja aliniuliza, bila kunitazama:

"Kule Chinsapo, bado bantu banakujua?"

"Bananijua, mama."

"Unafurahi huku."

"Nakuwaka na kazi tu."

Alivuta shuka.

Daktari alipita asubuhi ya siku iliyofuata, akatazama mguu, akasema mama anaweza kwenda nyumbani. Kufunga kidonda kutaendelea kwenye kituo chetu cha afya. Sisteri alisimama upande wa pili wa kitanda. Chini, kwenye mkeka, pembeni kabisa mwa miguu yangu, alilala mwanamke aliyeletwa usiku, tumbo limevimba, dada yake akimpepea kwa kipande cha boksi. Macho ya yule dada yalikuwa kwenye kitanda chetu.

Nilimtafsiria mama: tumeruhusiwa.

Nilingoja afurahi. Maisha yake yote alikuwa ameiogopa nyumba ya namna hii kuliko kifo, na sasa mlango umefunguliwa, faktiri hakuna, rehani hakuna. Mama alinitazama usoni. Kisha akauvuta mguu wake juu ya kitanda, akajilaza tena, akajifunika mpaka kifuani.

"Mwambie mguu inaniuma," alisema.

"Mama?"

"Mwambie inaniuma sana. Haiyapona. Mi nitabaki." Na kwa sauti ya chini zaidi, ingawa pale hakuna aliyeelewa Kiswahili chetu: "Nilibaki na we mbele, kule Bukavu. Naweza kubaki tena. We enda ufanye kazi yako."

Sisteri alikuwa akiningoja. "Anasemaje mama?"

Lilikuwa neno moja tu la kusema, kwamba unamuuma. Wangemwacha siku mbili, labda zaidi. Mguu wa mtu wa sukari hakuna anayeubishia. Nilikuwa na sare za kumalizia. Nilimwona yule dada chini ameacha kupepea. Alikuwa ananunua sabuni kama mimi, bila shaka, na gogo angesema naye amelipa.

Nilimgeukia sisteri.

"Anasema zikomo," nilisema.

Neno lile mama analijua. Ni la kwanza analojifunza kila anayefika nchi hii. Alifumba macho, akayafumbua, na hakunikasirikia. Akashusha miguu sakafuni, mmoja mzima na mmoja mfupi, akasimama kwa kunishika bega. Kabla hatujaondoka alilinyoosha shuka kwa kiganja, akaulaza vizuri ule mshono wangu wa katikati ili usimkwaruze anayekuja, kisha akampisha yule mgonjwa.

Getini mlinzi alikuwa na muhindi mwingine. Mama alisimama mbele yake, akangoja. Mlinzi alimpungia mkono apite.

"Haulizi kitu?" mama aliniuliza.

"Haulizi."

Alipita, polepole, akiwa amekataa katakata nimbebee kile kichwa cha cherehani. Alikikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Nje alisimama, akageuka kuitazama hospitali, akanitazama mimi, na machozi yakamshuka.

"Mi baliniachilia," alisema. "We njo banakushika."

Nikamshika bega, tukavuka barabara kwenda kutafuta gari la Dzaleka.